Sarafu za ufukweni Raskazone: nilivyoziharibu kwa siki, na ninavyozisafisha sasa

#1 mpwa_wa_sahare (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Jambo hili nimekaa nalo muda, na leo naliandika lote kwa sababu kila bamvua (bahari inapojaa na kukupwa sana) nikiwa ufukweni na ditekta, mashine ya kutafutia vitu vya madini mchangani, vijana wananifuata na swali lile lile: "Kaka, hizi zenye kutu unazisafishaje?" Nikiwajibu kwa kifupi wanaenda kuharibu. Najua, maana mimi mwenyewe niliharibu.

Naishi Tanga mjini. Ditekta yangu ni ndogo, niliachiwa na mjomba aliyekuwa nayo machimboni Handeni. Dhahabu sijawahi kuitafuta. Mimi napita mchangani, Raskazone mpaka upande wa Sahare, asubuhi ya pili baada ya sikukuu, maji yakikupwa. Watu wanaoga baharini na hela mfukoni, wanakaa mchangani, wanakunja suruali. Hela inadondoka na mchanga unaimeza. Siku za maji mafu, yasiyokupwa mbali, sihangaiki kwenda.

Ninazookota zaidi ni sarafu za matumizi: hamsini ya faru, mia ya swala, mia mbili ya simba, mia tano ya nyati. Mara moja moja inatoka senti ya zamani, ile tano yenye samaki na pembe kumi na mbili, au ishirini yenye mbuni.

Mwaka jana nilizikusanya kwenye kopo mpaka zikafika kama mia na ishirini. Nikazimwaga zote kwenye beseni moja, siki chupa mbili, chumvi kiganja kizima, maji ya moto, nikafunika, nikalala. Humo humo nikatia kitu ambacho hakikutoka ufukweni: heller moja, sarafu ndogo ya shaba ya enzi za Mjerumani, tuliyoipata tukichimba mtaro nyuma ya nyumba ya bibi, Ngamiani. Ilikuwa na rangi ya kahawia iliyoiva, taji linaonekana, mwaka unasomeka, 1909. Bibi alisema utotoni mwake walikuwa wakizichezea uani, hakuna aliyezijali.

Asubuhi maji yalikuwa ya kijani. Mia mbili zimetoka na mabaka ya waridi. Hamsini na mia zimebanduka ngozi ya njano ukingoni, na chuma cha ndani kikaanza kutu papo hapo zilipokauka. Heller imekuwa na rangi ya nyama mbichi, imejaa vishimo, na taji limebaki kivuli. Ile kahawia niliyoiona uchafu ndiyo iliyokuwa imeshika michoro. Nilipoiyeyusha nikayeyusha na sura.

Bibi hakunilaumu. Aliishika, akaigeuza, akanirudishia.

Tangu siku hiyo sisafishi sarafu kabla ya kujua mambo mawili: imetengenezwa kwa madini gani, na ilikuwa imelala wapi. Mengine yote yanafuata hapo.

Madini nayajua kwa sumaku ya spika mbovu. Hamsini, mia na mia tano zinanasa, kwa kuwa ndani ni chuma; hamsini na mia zimevikwa ngozi ya shaba ya njano, mia tano imevikwa nikeli. Mia mbili ninazookota hazinasi, ni mchanganyiko wa shaba na nikeli na zinki. Senti tano ya samaki ni shaba tupu kwa macho, ishirini ya mbuni ni ya njano. Basi nina makopo matatu: zinazonasa, nyeupe zisizonasa, na za shaba. Hazikutani kwenye maji hata siku moja.

Zinazonasa sizitii siki kabisa. Naziloweka kwenye maji baridi ya bomba siku nzima ili chumvi ya bahari itoke, nabadilisha maji mara tatu au nne, nazisugua kwa mswaki uliokwisha na sabuni ya kipande, nazikausha kwa kitambaa kisha juani mpaka ziwe moto. Basi. Ikiwa kutu imeshatoboa ngozi, hakuna dawa itakayoirudisha. Unachoweza ni kuizuia isiendelee, kwa kuikausha vizuri.

Nyeupe zinavumilia siki, kwa dakika kumi au kumi na tano nikiwa nimesimama hapo hapo, bila chumvi. Inatosha kulainisha ule ukoko wa chokaa unaoganda juu yake. Kisha maji mengi.

Za shaba na zote za zamani: maji tu, kidole, kijiti cha meno cha mti. Nikisita, naacha.

Nimemaliza upande wangu. Wenye ujuzi zaidi karibuni, nataka uzi huu uwe mahali pa kumwelekeza kijana asome kabla hajanunua siki.

#2 dogo_wa_mabanda

Asante mkuu kwa uzi. Swali: kwa nini usitumie stiliwaya ya sufuria? Mimi nasugua dakika moja inang'aa kama mpya.

#3 mpwa_wa_sahare

Dogo, inang'aa kwa sababu umeichubua. Ngozi ya mia ni nyembamba mno. Ukiikwaruza, kila mstari ni mlango wa kutu, hata ukiiweka kabatini, maana hewa ya Tanga yenyewe ina chumvi. Angalia ulizosugua mwezi jana kama bado zinang'aa.

Halafu jiulize unasafisha kwa ajili gani. Mia ya kununulia maandazi haihitaji kung'aa. Inahitaji isomeke, isinuke, isiache kutu mkononi mwa mwenye duka. Ikifika hapo kazi imekwisha.

#4 dogo_wa_mabanda

Nimeziangalia. Zina madoa ya kahawia, kweli. Nilidhani ni jasho la mikono.

#5 mama_wa_ngamiani

Wanangu, sina mashine na sarafu sikusanyi, lakini shaba naijua. Nyumba niliyolelewa ilikuwa na masinia ya shaba na birika la kunawia, na wiki ya mwisho ya Ramadhani ilikuwa kazi yetu wasichana kuyasugua. Tulitumia ukwaju. Unaloweka ukwaju na maji kidogo mpaka uwe mzito, unapaka, unaacha muda wa kuchemsha chai, unasugua kwa kumbi la nazi. Pakiwa pagumu unaongeza majivu laini yaliyochekechwa. Ndimu na chumvi ni kwa wenye haraka, na sinia la ndimu linarudi jeusi upesi kuliko la ukwaju, marehemu mama alikuwa akilisema hilo kila mwaka.

Lakini sinia ni sinia. Lile la bibi yangu lilikuwa na maua ya kuchongwa katikati. Nimelisugua mimi, amelisugua mama, amelisugua bibi, na leo maua yale unayatafuta kwa kidole, kwa jicho huyaoni. Kila Idi tuliondoa kidogo. Kwa hiyo huyu kijana aliposema uchafu ndio uliokuwa umeshika sura, nimemwelewa sana.

Na heller ya bibi yako usiitupe.

#6 mpwa_wa_sahare

Shikamoo mama. Siitupi, ipo. Ila sasa imeanza kitu kingine: kwenye vile vishimo unatoka unga wa kijani hafifu, laini kama poda. Nikiupangusa, baada ya wiki mbili umerudi.

#7 mwalimu_wa_maabara

Nimefundisha kemia sekondari miaka mingi, acha nijibu yote mawili, ya waridi na ya unga wa kijani.

Waridi kwanza. Siki peke yake inakula shaba polepole. Ukiongeza chumvi kasi inaongezeka sana, na shaba inayeyuka na kuingia kwenye maji. Ndiyo kijani uliyoiona asubuhi. Shaba iliyomo majini ikikutana na chuma kilicho wazi, chuma kinayeyuka na shaba inakaa mahali pake. Ukitaka kuona, chukua msumari safi, utie kwenye maji yale ya beseni. Baada ya dakika chache umevaa rangi ya shaba. Sarafu nyeupe iliyolala imegusana na sarafu ya chuma iliyobanduka nayo inapakwa, kwa sababu zikigusana ndani ya maji ya chumvi na asidi zinafanya kazi kama betri. Makopo yako matatu ni sahihi, na hiyo ndiyo sababu yake.

Sasa unga wa kijani. Huo usiupuuze. Kijani gumu linalokaa kwenye shaba ya zamani kama rangi iliyokauka ni la amani, linaweza kukaa miaka mia. Kijani hafifu la unga linalorudi kila ukilipangusa ni ugonjwa. Ndani ya vishimo kuna kloridi, ile ile iliyomo kwenye chumvi. Ikipata unyevu na hewa inaila shaba, na katika kuila inajizalisha tena, haiishi. Wewe ulitia chumvi kiganja kizima pamoja na siki, ukafungua ngozi ya sarafu, ukaingiza kloridi ndani yake. Bahari ingefanya hivyo kwa miaka; beseni limefanya kwa usiku mmoja.

Wahifadhi wa makumbusho wana dawa yake ya siku nyingi: wanaloweka kitu cha shaba kwenye maji yenye chumvi moja ya sodiamu iitwayo seskwikaboneti, kwa wiki au hata miezi, wakibadilisha maji. Jina linatisha, lakini ninyi nyote mnaijua. Ndiyo magadi. Magadi yanayookwa na jua kandokando ya Ziwa Natron, yale mnayotia kwenye makande ili maharage yaive, sehemu yake kubwa ni hiyo hiyo seskwikaboneti.

Tahadhari: usikimbilie gengeni. Magadi ya sokoni yana chumvi ya kawaida ndani yake, na chumvi ndiyo tunayotaka kuitoa. Tengeneza safi mwenyewe. Chukua soda ashi, ile wanayotumia akina mama wa batiki, na bikaboneti ya soda ya kupikia. Kwa lita moja ya maji tia soda ashi gramu 23 na bikaboneti gramu 19. Vaa glovu, soda ashi inachubua mikono. Maji yawe ya mvua, uliyokinga moja kwa moja angani, yasiyopita kwenye bati chafu. Au nunua yale maji safi ya kuongezea betri. Soma chupa vizuri, kwa sababu dukani rafu hiyo hiyo wanaweka na asidi ya betri.

Loweka heller peke yake kwenye chupa ya kioo. Badilisha maji kila wiki. Yakianza kuwa ya buluu usishtuke, kidogo ya shaba inatoka. Baada ya wiki sita au nane hamishia kwenye maji ya mvua matupu siku kadhaa, ikaushe kabisa, iweke kwenye kopo lenye vile vifuko vya kukaushia vinavyokuja ndani ya viatu vipya, kisha uiangalie mwezi mzima. Unga ukirudi, unaanza upya. Haitarudisha taji. Itazuia sarafu isiliwe ikaisha.

Na jambo la usalama, nalisema kwa herufi kubwa: USICHANGANYE SIKI WALA NDIMU NA DAWA YA KUNG'ARISHIA NGUO NYEUPE. Inatoka gesi ya klorini. Inaua mapafu, na choo cha nyumbani ni chumba kidogo.

#8 dogo_wa_mabanda

Mwalimu, shikamoo. Na umeme? Nimeona watu wanatumia chaja ya simu.

#9 mwalimu_wa_maabara

Marahaba. Umeme unafanya kazi: sarafu upande wa hasi, kipande cha chuma upande wa chanya, maji yenye soda ashi kidogo. Lakini wengi hapa mtaani wanatia chumvi badala ya soda, na hapo klorini inarudi. Wengine wanaweka kijiko cha chuma kisichoshika kutu upande wa chanya, na kinatoa sumu ya kromiamu kwenye maji. Kwa sarafu ya matumizi, sabuni na mswaki vinatosha. Kwa sarafu ya zamani, umeme unabandua ngozi yote kwa dakika tano kabla hujajua kilichokuwa chini. Mimi sikushauri.

#10 tajiri_mtarajiwa

Samahani natoka nje ya mada kidogo. Mnaongelea mia na hamsini, mimi nina rupia ya Mjerumani. Kuna mtu wa Dar ananiambia kuna mzungu anatoa milioni mia mbili, ila kwanza niisafishe ing'ae na nitume hela ya kipimo. Niisafishe na nini?

#11 sonara_barabara_ya_nane

Ndugu yangu, usiisafishe na usitume hata shilingi.

Nafanya usonara, na rupia zimepita mkononi mwangu nyingi, watu wanakuja nazo wakitetemeka. Rupia ya Mjerumani ina uzito wa gramu 11.66, na ndani yake madini ya fedha ni sehemu 917 kwa 1000. Chukua bei ya fedha ya leo kwa gramu, zidisha, utapata thamani ya madini yake mwenyewe bila kuuliza mtu. Juu ya hapo mkusanyaji anaongeza kutokana na mwaka na hali yake, na hali maana yake ni kwamba haijaguswa. Rupia iliyosuguliwa, mkusanyaji anaijua kwa kuitupia jicho, na bei inaanguka. Kwa hiyo anayekwambia uing'arishe ama hajui sarafu, ama anajua na hana nia ya kununua. Anataka hiyo hela ya kipimo.

Wengine watakwambia rupia ya kweli inavuta punje za mchele. Fedha haivuti chochote. Nimemwona mzee wa watu ameuza ng'ombe wawili kwa hadithi hiyo, hapa hapa mkoani kwetu.

Kwa kuwa tuko kwenye usafi, niseme na hili. Mkiokota shilingi ya Mwingereza yenye simba na milima nyuma, tazameni mwaka. Za kuanzia 1921 mpaka 1946 zina fedha robo tu, 250 kwa 1000, robo tatu ni madini mengine. Kuanzia 1948 hazina fedha kabisa. Zile za fedha robo ni hatari kuzitia asidi: inavuta shaba ya juu, inabaki ngozi nyeupe butu kama chokaa, na hairudi. Ikiwa nyeusi sana na ni lazima, weka kipande cha karatasi ya alumini ya jikoni kwenye bakuli, laza sarafu juu yake iguse, nyunyiza bikaboneti, mwaga maji ya moto. Weusi wa salfa unahamia kwenye alumini bila kusugua. Dakika moja, toa, suuza. Mimi mwenyewe naifanya kwa mikufu, si kwa sarafu za watu.

#12 tajiri_mtarajiwa

Nilikuwa nimeshatuma elfu themanini.

#13 sonara_barabara_ya_nane

Pole sana ndugu yangu. Hiyo ihesabu imekwenda, usitume nyingine kuifuata. Nenda polisi na ujumbe wake wote, usifute. Na rupia ukipenda niletee niipime mbele yako, bure.

#14 mvuvi_wa_mwambani

Mleta uzi kasema kitu kwenye andiko lake la kwanza ambacho hakukirudia: sarafu ilikuwa imelala wapi. Sisi tunaochokoa chaza na kaa kwenye mikoko tunaokota hela pia, na zinatoka nyeusi tititi, hata mia mbili. Mchangani Raskazone haziwi hivyo. Ni tope. Tope la mikoko ukilipindua linanuka yai bovu, na hiyo harufu ndiyo inayopaka weusi. Mimi nazisugua kwa mchanga laini na maji ya bahari pale pale, weusi hautoki.

#15 mwalimu_wa_maabara

Umesema sawa kabisa kuhusu tope. Ile harufu ni gesi ya salfa, na shaba ikikutana nayo inakuwa nyeusi. Weusi huo umeshikana na madini yenyewe, haujakaa juu kama uchafu. Kwa sarafu ya matumizi uache ulivyo, osha chumvi tu. Mchanga unaukwaruza na kuacha michirizi.

#16 baiskeli_mbili

Mimi nina njia ya wenye sarafu nyingi, na nawaomba mnisikilize kwa makini kwa sababu ina masharti.

Wenzetu wa nje wana mashine ya kuzungusha mawe, pipa dogo linaloviringika na kokoto ndani, sarafu zinasuguana taratibu. Mimi nimeifanya kwa baiskeli. Napindua baiskeli, tairi juu, nafunga kopo la plastiki lenye kifuniko cha kukaza kwenye njiti za gurudumu la nyuma, upande wa pili nafunga jiwe la uzito sawa ili gurudumu lisivute. Ndani natia kokoto za mviringo za mtoni, ukubwa wa punje ya mbaazi, mpaka nusu ya kopo, sarafu thelathini hivi, maji ya kufunika, matone machache ya sabuni ya maji. Nazungusha pedali kwa mkono.

Masharti. Polepole, gurudumu likitambaa. Ukizungusha kwa kasi kila kitu kinaganda ukutani mwa kopo na hakuna kinachosuguana, utachoka bure. Aina moja ya sarafu kwa wakati mmoja. Za shaba zikizungushwa na nyeupe, nyeupe zinageuka waridi zote, na hapo hakuna siki wala nini. Zinazonasa sumaku ziangalie kila robo saa, ukiona ukingo unabadilika rangi, toa.

Na sharti kubwa: usitie siki kwenye kopo lililofungwa. Mchanga wetu wa Tanga umejaa matumbawe na makombe yaliyosagika, yaani ni chokaa. Siki ikikutana na chokaa inatoka mapovu. Mimi nilifunga kifuniko, nikaanza kuzungusha, kikafyatuka na kunipiga chini ya jicho. Ingekuwa juu kidogo nisingekuwa naandika hapa.

#17 dogo_wa_mabanda

Saa ngapi kuzungusha?

#18 baiskeli_mbili

Mia mbili za kawaida dakika arobaini, nikipokezana na mdogo wangu. Kisha nazisuuza na kuzikausha siku hiyo hiyo. Zikilala na maji usiku mmoja kazi yote imepotea.

#19 mzee_wa_njia_ya_pangani

Vijana, hongereni kwa mazungumzo ya adabu. Nina mawili.

La kwanza. Ufukwe wa kuogelea ni sawa, ua wa bibi yako kwa ruhusa yake ni sawa. Magofu ya Tongoni, na kisiwa cha Toteni kilicho mbele ya mji, si mahali pa ditekta. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863, na kuchimba kuvitafuta kunahitaji leseni. Ukikutana na kitu cha namna hiyo bila kukusudia, hata senti ya shaba yenye maandishi ya Kiarabu iliyoshikana na kigae, usiioshe. Iache ilipo, piga picha, toa taarifa. Udongo ulioigandia una habari kuliko sarafu yenyewe, na ukiusuuza umezimwaga.

La pili. Novemba 1914 Waingereza waliteremsha askari wa Kihindi upande wa Raskazone kuja kumtoa Mjerumani, wakapigwa siku tatu, wakarudi melini. Kwa hiyo ditekta itawalilia sana kwa maganda ya risasi. Ganda tupu lisilo na kichwa ni shaba ya kawaida. Lenye kichwa bado, au chuma kizito cha mviringo kilichoota kutu, hukioshi, hukigongi, hukitii kwenye beseni la mtu yeyote. Weka alama, ondoka, waite polisi.

#20 mpwa_wa_sahare

Shikamoo mzee. Nimeyapokea yote mawili, na la Tongoni nitalisema kwa vijana kila nikiwaona.

#21 mpwa_wa_sahare

MREJESHO, baada ya wiki tisa.

Sarafu za matumizi. Tangu niandike uzi nimeokota 163. Nimezitenga kwa sumaku kila siku niliyorudi, kabla hata ya kunywa chai. Nyeupe nimezizungusha kwa baiskeli kama alivyoelekeza baiskeli_mbili, polepole, na zimetoka safi, za kijivu, hazing'ai wala hazina waridi hata moja. Zinazonasa nimezipa maji baridi na mswaki. Juzi nilizipeleka kwa Mpemba wa dukani kwetu, anahitaji chenji sana. Akazimwaga kwenye kaunta akazipitia moja moja kwa kidole. Amezipokea 154. Tisa amezirudisha: tano za mia zilizotobolewa na kutu mpaka swala hajulikani, nne za hamsini zilizovimba ukingoni. Hizo tisa zote zilitoka mahali pamoja, kwenye mwamba ambapo maji hayakauki hata likiwa bamvua. Sasa nikipata mlio pale sijipi matumaini.

Jambo moja nimejifunza ambalo hakuna aliyelitaja. Nilikuwa nimeiwekea ditekta kukataa chuma ili isinisumbue na misumari ya ngalawa. Kumbe nilikuwa naiambia ikatae mia, hamsini na mia tano. Nimeifungua, nachimba misumari mingi zaidi, lakini nusu ya hesabu hiyo hapo juu imetokana na hilo.

Heller. Wiki ya kwanza maji yalikuwa na ubuluu. Ya pili pia. Wiki ya nne niliona kama hayabadiliki nikataka kuitoa, mama_wa_ngamiani akaniandikia faragha akaniambia niiache. Wiki ya nane nikaihamishia kwenye maji ya mvua. Nimeikausha Jumapili. Chini ya kioo cha kukuzia vishimo ni vyeusi-kahawia, havina unga. Taji halipo na halitakuwepo. Ila kwenye mwaka, ile 9 ya mwisho inasomeka vizuri, nilidhani imekwenda.

Nimemwonyesha bibi. Safari hii hakunirudishia, ameitia kwenye kopo lake la vifungo. Nimemwomba aweke na vifuko vya viatu humo ndani, amekubali, na kila Ijumaa nikienda nafungua kopo natazama.

#22 mama_wa_ngamiani

Ijumaa hii ukifungua, tuambie.